Namna ya Kukagua Nyumba ya Manusura wa Maafa

Mkaguzi wa nyumba anayetumwa na FEMA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia maafa, hutangulia kuwasiliana na mwombaji na kupanga naye siku ya kukutana. Ukifika, onyesha kitambulisho chako chenye picha kabla ya kuingia, kwa kuwa matapeli huwaandama watu waliopoteza mali, na mwenye nyumba ana haki kamili ya kukutilia shaka. Usiombe wala kupokea fedha, na usimwulize namba ya akaunti ya benki.

Anza kwa kumsikiliza. Mwache akutembeze mwenyewe chumba kwa chumba, kisha utazame paa, msingi, kuta, sakafu, nyaya za umeme na mabomba, ukiandika ulichokiona na kupiga picha. Alama ya maji ukutani uipime kutoka sakafuni, maana kina cha mafuriko hueleza mengi hata pale ambapo ukuta umekwisha kukauka na kusafishwa. Uliza pia kama kuna mwenye ulemavu aliyepoteza vifaa vyake, jambo ambalo wengi huona haya kulitaja.

Usimwahidi msaada wowote: wewe unarekodi uharibifu, na uamuzi hutolewa na FEMA yenyewe.