Mambo ya kuzingatia kabla ya kuendesha baiskeli kwenye barabara ndogo za vijijini Ufaransa

Kinachoipendezesha barabara ndogo ya kijijini Ufaransa ndicho kinachomponza asiyejiandaa: haina watu. Mkoani Creuse au Lozère unaweza kuendesha saa nzima ukapishana na trekta moja, gari la posta na ng'ombe waliojilaza chini ya mti. Lami ni nzuri, hewa ni safi, na sauti unayoisikia ni ya cheni yako mwenyewe. Lakini barabara iliyokosa magari imekosa pia duka, fundi na mtu wa kumuuliza njia. Ndiyo maana maandalizi yanaanza siku kadhaa kabla, mezani, ukiwa na ramani mbele yako.

Ninasema ramani ya karatasi, hata kama simu yako ina programu nzuri. Barabara za Ufaransa hutambulika kwa herufi. Zenye A ni za mwendo kasi na baiskeli hairuhusiwi kabisa. Zenye N ni za taifa, uziepuke. Zenye D ni za mikoa, na humo ndimo raha ilimo, ila D hazifanani. Mwaka 2006 serikali kuu iliikabidhi mikoa sehemu kubwa ya barabara za taifa, zikabadilishwa herufi huku malori yakibaki yaleyale. D820 inayopita Lot ni ile N20 ya zamani, na D1089 ya Corrèze ilikuwa N89. Mgeni anaiona D, anadhani amepata njia ya kijijini, kumbe amejiingiza kwenye foleni ya malori.

Hapo ndipo rangi zinaposaidia. Kwenye ramani za Michelin za kipimo cha 1:200,000, ambapo sentimita moja ni kilomita mbili, barabara kubwa ni nyekundu, za kati ni njano, na ndogo ni nyeupe. Wewe tafuta nyeupe. Yenye ukingo wa kijani ina mandhari ya kuvutia. Tazama pia vimshale vilivyochorwa juu ya barabara, vinavyoelekea upande wa mlima: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo. Kwenye mabonde ya Lot na Dordogne barabara hushuka hadi mtoni na kupanda tena, mara nyingi kwa siku moja. Kilomita 60 za huko si sawa na kilomita 60 za tambarare ya Beauce, kwa hiyo usipange safari kwa kilomita peke yake.

Njia zilizowekewa alama zipo, na kwa siku za mwanzo au ukiwa na watoto ni chaguo zuri. La Loire à Vélo ina kama kilomita 900 kuufuata mto Loire hadi baharini. Kule Burgundy, reli ya zamani kati ya Givry na Cluny ilifunguliwa kama njia ya baiskeli mwaka 1997. Mimi huzitumia kutokea mjini, kisha naziacha naingia kwenye barabara nyeupe, kwa sababu Julai na Agosti njia hizi hujaa.

Sasa jambo ambalo sisi tuliokulia Tanzania, Kenya au Uganda hatuna budi kulitilia mkazo kuliko wengine: Ufaransa wanaendesha upande wa kulia. Mjini hilo si tatizo, magari yenyewe yanakukumbusha. Hatari iko huko kwenye utulivu. Siku yangu ya pili mkoani Nièvre nilisimama kando ya ukuta wa mawe nikala tufaha. Nilipopanda tena nikashika kushoto, kama nilivyozoea tangu utotoni, nikaenda hivyo karibu kilomita nzima kwa kuwa hapakuwa na chombo kingine barabarani. Kwenye kona nikakutana uso kwa uso na gari dogo jeupe. Dereva alikanyaga breki, mimi nikaingia majanini. Hakuna aliyeumia, lakini mikono ilinitetemeka hadi kijiji kilichofuata.

Tangu siku hiyo nafunga kitambaa chekundu upande wa kulia wa usukani, na nikipumzika napumzika upande wa kulia wa barabara, ili nikiondoka niondokee huko huko. Kwenye kipilefti utazunguka kinyume na ulivyozoea, kwa hiyo kabla ya kuingia angalia kushoto. Na kama baiskeli ni ya kukodi, ijaribu breki kwanza mahali pa wazi: huko mkono wa kushoto kwa kawaida ndio unaofunga gurudumu la mbele. Ukiubana kwa nguvu kwenye mteremko ukidhani ni wa nyuma, utarushwa.

Liko na suala la njia panda. Mahali pasipo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akiwa ni mzee na trekta lake anayechomoza kwenye kichochoro. Kibao cha umbo la almasi, njano yenye ukingo mweupe, maana yake uko kwenye barabara yenye kipaumbele. Ukikiona kimekatwa kwa mstari mweusi, kipaumbele chako kimeishia hapo.

Chakula kipangie siku na saa. Vijijini maduka hufungwa mchana, takriban saa sita hadi saa nane, na mengine zaidi ya hapo. Mgahawa unapika chakula cha mchana kuanzia saa sita, na ukifika saa nane jiko limeshazimwa hata kama wateja bado wamekaa na kahawa zao. Duka la mkate, ambalo kwenye kijiji kidogo huenda likawa duka pekee, lina siku yake ya kufunga kila wiki. Mara nyingi ni Jumatatu, na Agosti mwokaji naye huenda likizo. Jumapili baada ya adhuhuri usitegemee kitu. Angalia pia sikukuu: Mei ina tarehe 1 na 8 pamoja na Kupaa kwa Bwana, kisha Julai 14 na Agosti 15. Kanuni yangu ni mkate, jibini na ndizi za mlo mmoja wa ziada ndani ya mfuko, wakati wote, hata nikijua mbele kuna mji.

Maji ni rahisi zaidi, ukijua pa kuyatafuta. Chemchemi za vijijini zinaweza kuwa na kibao: «eau potable» ni ya kunywa, «eau non potable» si ya kunywa. Pasipo na chemchemi, nenda makaburini. Najua kwa wengi wetu hili linaleta mashaka, na mimi nilisita kwenye geti mara ya kwanza. Lakini karibu kila kijiji kina makaburi pembezoni mwake, yamezungushiwa ukuta, na ndani ya geti kuna bomba lililowekwa kwa ajili ya kumwagilia maua, na ndoo za plastiki zimetundikwa pembeni. Kwa kawaida ni maji yaleyale ya bomba la kijiji. Waendesha baiskeli wa huko hujaza chupa hapo na hakuna anayeshangaa. Soma kama kuna onyo, ingia taratibu, funga bomba vizuri, rudishia geti. Wakati wa baridi kali hufungwa ili mabomba yasipasuke. Beba chupa mbili, na uzijaze kabla hazijaisha.

Ukilazimika kuomba kwa mtu, anza na «Bonjour, madame» au «Bonjour, monsieur», usubiri ajibu, ndipo useme shida yako. Kama kwetu tu: huwezi kumfikia mtu na swali kabla ya salamu. Nimeona mlango uliokuwa unafungwa ukafunguka tena kwa neno hilo.

Majira mazuri ni Mei, Juni na Septemba. Julai ni mavuno ya ngano, na mashine ya kuvunia hujaza barabara nzima, hivyo shuka ukae kando. Kiangazi pia ndipo wanapokarabati barabara ndogo: humwaga lami ya majimaji, wakatandaza kokoto juu yake, wakayaachia magari kazi ya kuzishindilia. Kibao kitaandikwa «gravillons». Usikipuuze. Kokoto hizo hujikusanya kwenye kona na katikati ya njia, na tairi jembamba huteleza kama limekanyaga mtama. Punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ndani yake. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Ukiona kibao cha «chasse en cours», yaani uwindaji unaendelea, msituni, vaa rangi kali na ubaki kwenye lami. Kwenye bonde la Rhône upepo wa Mistral huvuma kutoka kaskazini, basi panga kushuka kusini, si kupanda.

Baiskeli yenyewe haihitaji makuu. Tairi za milimita 28 hadi 32, tyubu mbili za akiba, viraka, pampu, funguo za pembe sita na kiungo cha cheni. Vali za huko nyingi ni zile nyembamba za Presta, hakikisha pampu inaingia. Maduka ya baiskeli yako mijini, na mengi hufunga Jumapili na Jumatatu.

Sheria ni chache, ila zinatozwa faini. Kengele ni lazima, na gizani taa mbele na nyuma. Nje ya mji, usiku au penye ukungu, lazima uvae kizibao kinachong'aa. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, awe anaendesha au amepakiwa. Spika za masikioni ni marufuku tangu 2015. Gari linalokupita nje ya mji linatakiwa likuachie mita moja na nusu.

Kila siku chagua kituo kimoja cha reli unachoweza kukimbilia ukichoka au ukiharibikiwa. Treni za mikoa, TER, nyingi hubeba baiskeli bure, ila baadhi ya njia hudai nafasi iwekwe mapema wakati wa msimu. Kwenye TGV, treni za mwendo kasi, baiskeli iliyofunguliwa huingia kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda ataombea viza ya Schengen mapema, siyo chini ya siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Uliza kama bima hiyo inahusisha ajali ya baiskeli.

La mwisho ni kujua kusema uko wapi. Namba ya dharura ni 112, gari la wagonjwa 15, zimamoto 18. Atakayepokea simu atauliza mahali, na kwenye bonde lenye miti simu huenda ikashindwa kukuonyesha. Nguzo fupi ya kando ya barabara, yenye kichwa cha njano kwenye barabara za D, imeandikwa namba ya barabara, na nyingi zina kilomita pia. Jina la kijiji liko kwenye kibao cha kuingilia, na cha kutokea kimepigwa mstari mwekundu. Usiku wa kuamkia safari mimi huandika kwenye kipande cha karatasi majina ya vijiji nitakavyopita, kwa mpangilio, na namba za D kati yake, kisha nakibandika kwenye usukani kwa utepe unaoonyesha ndani, mvua isikiguse. Pembeni ya kila jina naweka alama: duka, maji, reli, au hakuna kitu.