Punda Hana Nundu: Mvueni Nira ya Ng'ombe

Ukipita minadani na visimani katika mikoa ya Dodoma, Singida na Manyara, utawakuta punda wengi wa mikokoteni wana jeraha mahali pamoja, juu ya mabega, pale shingo inapoungana na mgongo. Wenye punda hulaumu nzi, uzee au ukorofi wa mnyama, ilhali kinachochubua pale ni nira. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, kwa hiyo nira hupata mahali pa kuegemea. Punda hana nundu, mfupa wake wa pale juu umefunikwa na ngozi nyembamba, na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani. Ukimvika nira, unamlazimisha kuvuta mzigo kwa mfupa, naye akisimama kwa maumivu hupigwa fimbo kwa kosa la mwenye punda.

Tafadhali msiniambie kwamba mmeweka kitambaa chini ya nira. Kitambaa huchelewesha jeraha kwa siku chache tu, kisha kikishalowa jasho na kushika vumbi huchubua kuliko mti wenyewe.

Wanaosema nira ni nafuu kwa kuwa tayari ipo nyumbani hawajapiga hesabu. Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, na mwanapunda hafai kufungwa mkokoteni kabla ya kutimiza miaka 4. Anayemharibu punda wake leo anahitaji miaka 5 kumpata mwingine kwa kuzalisha. Kununua nako si rahisi, kwa sababu biashara ya ngozi iliwamaliza punda wengi kabla wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika hawajaamua mjini Addis Ababa, Februari 2024, kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kinachotakiwa ni mkanda wa kifua. Uwe na upana wa sentimita 8 hadi 10, ushonwe kwa turubai la pamba lililokunjwa, na upande unaogusa ngozi uwekewe blanketi kuukuu. Msitumie kamba ya nailoni, kwa kuwa hukata, wala mpira wa ndani wa tairi, kwa kuwa hushika jasho na kuunguza ngozi. Ukingo wa chini upite vidole vitatu juu ya ncha ya bega, yaani mfupa unaojitokeza mbele pale mguu unapoungana na kifua, ili mguu wa mbele usogee bila kuzuiwa, na ukingo wa juu usiguse koromeo, kwani hapo punda atakosa pumzi kila anapopanda mlima. Kiganja chako kikiwa kimelala kiweze kupenya kati ya mkanda na kifua. Kamba mbili za kuvutia, zinazounganisha mkanda na mkokoteni, lazima zilingane kwa urefu. Moja ikizidi, hata kwa upana wa vidole viwili, mkanda huenda upande na kukwangua bega, na kosa hili nimeliona hata kwa waliokwisha kuacha nira. Mzigo ukae juu ya ekseli, kiasi kwamba mtu aweze kuinua miti ya mkokoteni kwa mkono mmoja kabla ya punda kufungwa.

Punda aliyekwisha kuumia asifungwe chochote juu ya jeraha mpaka ngozi ifunge kabisa, hata kama ni msimu wa mavuno. Msafishe mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Oili chafu ya gari na maji ya betri, ambavyo bado vinatumika vijijini, huunguza nyama iliyo hai, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama namna hiyo, hata anayefanya hivyo akidai anatibu.

Mkanda ukikaa sawasawa, manyoya ya kifuani hubaki yamelala na punda hasogei nyuma akiona mkokoteni.

Fundi viatu wa sokoni anaweza kuushona. Mpelekee vipimo vya punda wako mwenyewe, vilivyochukuliwa akiwa amesimama mahali tambarare, si vya punda wa jirani, na umrudie baada ya wiki ya kwanza ya kazi ili aupunguze, kwa sababu turubai jipya hulegea.