Karakana ya kung'arisha magari Mombasa: usianze na mashine, anza na maji

Simu za wenzetu walioko Uarabuni huja Ijumaa, siku ya mapumziko katika nchi nyingi za huko. "Kaka, nina akiba kidogo, nataka kufungua pahali pa kuosha na kung'arisha magari nyumbani. Nitume mashine gani?" Nami humuuliza: maji utayatoa wapi?

Maji ya bomba Mombasa yana siku zake. Yakikatika utaagiza boza au utachota kisimani, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Mashine ya presha ya kazi hunywa kama lita 9 kwa dakika. Ukilipiga gari dakika 6, lita 54 zimekwenda; magari 20 kwa siku yamepita lita 1,000, hujahesabu ndoo wala kufua vitambaa. Basi kitu cha kwanza kununua ni tanki la lita 5,000, likae juu ya jukwaa ili maji yashuke yenyewe hadi kwenye mashine. Pampu ikizunguka bila maji, sili zake, ile mipira inayozuia maji kuvuja, huungua kwa dakika chache tu.

Halafu hiyo chumvi. Osha Prado nyeusi kwa maji ya kisima saa sita za mchana, ugeuke upokee simu. Ukirudi, boneti imejaa viduara vyeupe, kila kimoja na ukingo wake, mithili ya alama za vikombe mezani. Kijana wako akivisugua kwa kitambaa kikavu, ameshamchora mteja rangi. Dukani watakuuzia chujio la kulainisha maji. Hilo hubadilisha tu kalisi kwa sodiamu. Chumvi bado imo. Ya kisima yafanye kazi ya povu na matairi, na suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, au yaliyopita kwenye chujio la osmosisi, lile linaloondoa chumvi yenyewe. Nunua huko uliko kile kipimo cha chumvi kilicho kama kalamu. Ni bei ndogo na kinaingia mfukoni, nacho kitakuambia boza la leo limetoka wapi hata dereva akiapa.

Kwa maji kama haya, mashine ya presha iwe na kichwa cha pampu cha shaba. Cha alumini huliwa. Nguvu ya bar 100 hadi 150 yatosha; zaidi ya hapo unatafuta kubandua rangi.

Stima ndiyo iliyoniunguza mimi. Nikiwa Riyadh nilinunua mashine ya presha nikaitia kwenye kontena la jamaa. Plagi ilikuwa ya miguu mitatu kama zetu, nikajua mambo yamenyooka. Kumbe Saudia ni volti 230 kwa hezi 60, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, na Kenya ni 240 kwa hezi 50. Mota ya aina ya indaksheni, kama ile yangu, ikiletewa hezi pungufu huzunguka polepole na kuchemka. Wiki ya tatu ikatoa harufu ya vanishi inayoungua, na fundi wa kusuka mota pale Mwembe Tayari akanitajia bei iliyokaribia ya mashine mpya. Walioko Qatar, Emirati na Uingereza hawana tatizo hilo, huko ni hezi 50. Marekani usijaribu kabisa: volti 120 na hezi 60, vyote viwili havilingani na vya hapa.

Na kabla ya kuwasha chochote, mwite fundi wa umeme. Vakyumu ya mota mbili ni kama wati 2,400, mashine ya presha karibu hivyohivyo. Soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100. Ukizichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja, itayeyuka.

Kwenye kung'arisha, vijana wengi hupenda mashine ya rotari kwa sababu inakata haraka. Inakata haraka hata rangi, hasa kwenye kona za milango. Anza na ile inayozunguka na kuyumba, ni ya polepole lakini husamehe. Hiyo ilete na pedi zake, maadamu ni ya volti 220 hadi 240, pamoja na vitambaa vizuri vya maikrofaiba na kipimo cha unene wa rangi. Magari mengi ya mtumba yanayoshuka bandari ya Kilindini huwezi kujua historia yake. Kipimo kikisoma mikroni 300 upande mmoja, hapo pamepigwa rangi upya na pengine pana plasta.

Vakyumu ya maji na vumbi, kompresa na jenereta nunua hukuhuku. Mzigo wa biashara haupiti bandarini kama vyombo vya nyumbani, una ushuru na VAT ya asilimia 16. Weka pia fungu la shimo la kunasa mafuta, NEMA, mamlaka ya mazingira, wataliuliza.

Mpwa wako huku nyumbani akienda dukani kukununulia, kaa naye kwenye video. Mashine iwashwe, maji yakipita, dakika 10 nzima. Kisha muuzaji aweke sili za akiba za mashine hiyohiyo juu ya kaunta, uzione kwa macho. Akisema "tutakuagizia Nairobi", mwambie mpwa atoke aende duka la pili.