SOMO: Namna ya kuhakiki gemu na kuipa alama (someni kabla hamjaniuliza tena)

Wakuu, kila wiki napata ujumbe uleule: "Mbona ile gemu umeipa 7 wakati wenzako wameipa 9?" Wa pili huwa: "Na mimi nataka kuhakiki, nianzie wapi?" Nimechoka kunakili jibu moja kila siku. Naliweka hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa, na asinune.

Hatua ya 1. Cheza gemu yenyewe. Nacheka, lakini kuna watu wanahakiki trela.

Hatua ya 2. Weka daftari karibu. Andika saa uliyochoka, saa uliyocheka, mahali ulipokwama. Bosi wa mwisho, yaani adui mkuu wa kufungia gemu, akiwa mtamu, kichwa husahau saa kumi za kuchosha zilizomtangulia.

Hatua ya 3. Taja umecheza toleo gani, kwenye mashine gani. Mkumbuke Cyberpunk 2077 ya Desemba 2020. Waliopewa nakala mapema walipewa ya kompyuta, wakaisifu. Wenye PlayStation 4 wakakuta gemu inaganda na kukatika. Ukifungua Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, toleo la kompyuta limekaa juu ya 80, la PlayStation 4 liko chini ya 60. Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni siku chache tu baada ya kutoka, na haikurudi hadi Juni 2021. Wale wahakiki hawakudanganya. Walihakiki kitu ambacho wasomaji wengi hawakuwa nacho mkononi.

Hatua ya 4. Chagua kipimo kabla hujashika pedi ya kuchezea, na kila namba uiandikie sentensi moja ya maana yake. Jarida la Famitsu la Japani lilizoeleka kwa wahakiki wanne, kila mmoja akitoa alama hadi 10, jumla 40. Wengine hutoa nyota tano. Vyovyote sawa, mradi utumie kipimo chote. Kwangu 5 ni gemu ya kawaida, haina dhambi wala ladha. 7 ni nzuri, icheze kama aina hiyo unaipenda. Wasomaji wengi wana vichwa vya shuleni, wakiona 7 wanadhani mtoto karibu afeli. Hata Metacritic wana mkono humo: filamu hupata rangi ya kijani kuanzia 61, gemu kuanzia 75. Kwa hiyo 70 ileile ni kijani kwa filamu na njano kwa gemu.

Hatua ya 5. Namba iandikwe MWISHO. Hapa ndipo nilipochemsha, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna gemu moja, siitaji, nilitumiwa nakala mapema kwa makubaliano kwamba nisichapishe chochote hadi saa fulani. Ilikuwa ya saa 30 hivi, na nilikuwa na siku nne. Usiku wa kwanza nilicheza saa nane bila kuinuka. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika juu kabisa: 9. Kuanzia hapo sikuwa mhakiki tena, nilikuwa wakili wa ile 9. Daftari langu la saa ya 18 linasema "maadui wanajirudia". La saa ya 22 linasema "kusevu kumegoma, mara ya pili". Kwenye uhakiki nikaandika "kuna hitilafu ndogo ndogo". Siku ya nne nikashusha ugumu ili niwahi mwisho, na hilo sikulitaja. Nikachapisha 9. Baada ya siku mbili msomaji akaniandikia: faili lake la kusevu, lenye yote aliyocheza, limefutika saa ya 26, je, mimi sikuliona tatizo hilo? Nililiona. Lilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu.

Kwa hiyo, maonyo. Usiandike namba hadi aya ya mwisho ikamilike. Ukimaliza, mpe mtu asome maandishi bila namba, akisie. Akikosea kwa zaidi ya alama moja, ama maandishi yanadanganya au namba inadanganya, na mara nyingi ni namba. Kama hukumaliza gemu, sema umefika wapi. Saa ya kuruhusiwa kuchapisha si amri ya kuchapisha. Uhakiki ukitoka siku tatu baadaye hakuna atakayekufa. Na usijumlishe picha 9, sauti 8, stori 7 halafu ukagawanya kwa tatu. Tetris haina stori hata kidogo. Utaipa sifuri hapo, kisha uburute wastani?

Hatua ya 6. Kama nakala ulipewa bure, sema.

Hatua ya 7. Chapisha, ulale. Maoni yasome asubuhi.

MASWALI

Dogo_Pedi: Mkuu, somo refu. Kwa kifupi gemu gani kali mwaka huu?

Mwandishi: Rudia kusoma kichwa cha somo.

Simba_wa_Kochi: 7 bado ni alama mbaya, tusidanganyane.

Mwandishi: Hatua ya 4.

Simba_wa_Kochi: Nimeisoma.

Mwandishi: Basi isome polepole.

Nuru77: Shikamoo mkuu. Naomba kuuliza, ule wastani wa Metacritic unapatikanaje? Nimejumlisha alama zote za gemu moja nikagawanya, namba haikuja sawa.

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, na umefanya hesabu mwenyewe, hongera. Haiji sawa kwa sababu kura hazina uzito sawa: baadhi ya machapisho yanahesabiwa zaidi, na uzito huo hawautangazi. Pia kila kipimo hugeuzwa kuwa cha 100, kwa hiyo nyota 4 kati ya 5 zinakuwa 80, hata kama mwandishi alimaanisha "nunua, usifikiri". Uhakiki usio na alama hauingii kabisa kwenye hesabu. OpenCritic, tovuti nyingine ya aina hiyo iliyoanza 2015, wao hutumia wastani wa kawaida, kwa hiyo jaribu hesabu yako huko.
Na usidhani ni mchezo wa namba tu. Fallout: New Vegas ilitoka 2010, watengenezaji wake Obsidian wakiwa wameahidiwa bonasi ikifika 85 kwenye Metacritic. Ilipata 84.

Nuru77: Alama moja tu?! Ahsante sana mkuu.

Kimya_Kingi: Basi namba zifutwe tu, tubaki na maandishi.

Mwandishi: Eurogamer, tovuti ya habari na uhakiki wa gemu, walizifuta 2015. Mwaka 2023 wakarudi na nyota tano. Mimi nazitoa kwa sababu mtu asiye na muda ana haki ya kujua nimesimama wapi. Ila simuonei kijicho anayeziacha.

Mzee_wa_Ukweli: Sema tu ile 9 ulilipwa. Wahakiki wote ni wale wale. Mimi naangalia alama za wachezaji.

Mwandishi: Sikulipwa, nilikuwa mvivu na mwenye haraka, na nimeeleza hapo juu bila kulazimishwa. Uhakiki ule bado upo, 9 yake ipo, na juu yake nimeweka maelezo yenye tarehe. Ningeifuta usingepata cha kunisema. Kuhusu alama za wachezaji: The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020, sifuri zilimiminika siku ileile, na gemu yenyewe ni ya saa zaidi ya 20. Walimaliza lini? Baada ya hapo Metacritic wakaweka sharti la kusubiri saa 36 kabla wachezaji hawajatoa alama.

Mzee_wa_Ukweli: Sawa, ila Steam je?

Mwandishi: Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni tofauti kidogo. Hakuna namba, ni kidole juu au chini, na inaonyesha mtu amecheza saa ngapi. Hizo saa zisome kabla ya maneno yake. Angalia pia maoni ya siku za karibuni kando na ya jumla, maana gemu hubadilika kwa masasisho. No Man's Sky ya 2016 na ya leo ni kama gemu mbili.

Dogo_Pedi: Na ukinunua ukajuta?

Mwandishi: Haya, leo umeuliza la maana. Steam unaweza kuomba pesa irudi ndani ya siku 14 kama hujavuka saa mbili za kucheza. Kwa hiyo usiiache ikiwa imefunguliwa ukaenda kula.

Mama_Vidhibiti: Mwalimu, mimi sisikii vizuri. Wahakiki hawasemi kamwe kama maandishi ya mazungumzo chini ya skrini yanasomeka. Nanunua, nakuta herufi kama sisimizi. Kaka yangu naye hatofautishi nyekundu na kijani, kuna mafumbo hawezi kuyafungua.

Mwandishi: Dada, hili sijawahi kuliandika hata mara moja, na ni kosa. Unajaribuje?

Mama_Vidhibiti: Nakaa mbali na TV, pale mtu anapokaa kweli, siyo pua kwenye skrini. Nazima sauti dakika kumi. Nikipoteza stori, gemu imefeli kwangu.

Mwandishi: Nimejaribu jana usiku na gemu ninayoihakiki sasa. Dakika ya nne sikujua nani anaongea. Naiongeza kwenye Hatua ya 3.