Jinsi ya kuikataa kazi mbovu bila kumfukuza aliyeileta

Natunza programu huria ndogo ya mahesabu ya vikoba, yaani msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuleta marekebisho, nikiwa hapa Kisasa, Dodoma. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea marekebisho ya kugawa faida. Shilingi 1,000,000, wanachama 6, kila mmoja anapata 166,667. Zidisha uone: 1,000,002. Sanduku lina kufuli tatu na mashahidi kibao, sasa hizo shilingi mbili za ziada nani atazitoa? Nikamjibu kwamba hata muuza karanga wa Sabasaba hakosei hesabu hiyo. Hakujibu, wala hakurudi. Mwezi mzima hitilafu ikakaa palepale, nikaja kuirekebisha mwenyewe usiku, macho mekundu.

Siku hizi naanza na jaribio. Andika msimbo mfupi unaodai kwamba jumla ya migao isizidi fedha zilizomo sandukuni, uwe unajiendesha wenyewe kila mtu anapoleta kazi. Jaribio likigoma, mletaji anaona kosa kabla hujafungua mdomo, na hana wa kumnunia.

Kisha andika maoni yako. Yule kijana ningemwandikia hivi: "Jumla imezidi kwa shilingi 2, kwa sababu umekadiria kwenda juu. Shusha iwe 166,666. Zinazobaki 4 ziingie mfuko wa jamii. Sipokei mpaka jaribio lipite." Sentensi ya mwisho usiilegeze. Ukianza na "labda ungejaribu kuangalia", mtu anadhani umekubali. Upole wa namna hiyo umeniharibia kazi kuliko matusi.

Watetezi wa ukali humtaja Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, kiini cha mifumo endeshi mingi ya kompyuta, mwaka 1991 na kujulikana kwa barua zinazochoma. Wanasahau kwamba Septemba 2018 aliomba radhi mwenyewe, akakaa pembeni kwa muda. Toleo la 4.19 likatoka Oktoba chini ya mtunzaji mwenzake, Greg Kroah-Hartman, na Linux haikuanguka. Kinachoilinda ni ngazi za wakaguzi, pamoja na sheria yake ngumu kwamba badiliko la kiini lisivunje programu za watumiaji. Sheria hiyo unaweza kuisimamia bila kumwita mtu mjinga.

Kuna wanaosema sisi tumezoea utani. Sawa, lakini mtani wako unamjua, na kesho msibani atakuwepo. Huyu wa mtandaoni unajua nini habari zake?

Mtu akirudia kosa lilelile mara ya tatu, funga ombi lake la kuingiza kazi kwa mistari miwili na umwelekeze kwenye jaribio. Basi.

Na ukiwa na hasira, usitume. Mimi humsomea mume wangu kwa sauti, naye msimbo haujui kabisa. Akiuliza, "Kwani huyo kakukosea nini?", nafuta naandika upya.