Bajeti ya shule ya msingi Lubumbashi: pesa ya serikali ihesabiwe namna gani

Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali nchini Kongo, pamoja na zile za makanisa zenye mkataba na serikali, hazina ruhusa ya kujenga bajeti juu ya primi ya wazazi, yaani pesa ambayo wazazi walikuwa wanatoa kuwalipa walimu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilikuwa kimeshasema elimu ya msingi ni ya bure. Direkta, yaani mkuu wa shule, wa Katuba au Ruashi, komini za Lubumbashi, anapanga basi kwa kile serikali inacholeta kweli.

Kwanza toa karatasi za shule na uzisome, uone shule yako iko upande gani. Kuna shule ambazo walimu wake wanalipwa na serikali na pesa ya uendeshaji inafika. Kuna ambazo walimu wanalipwa lakini ya uendeshaji haiji. Na kuna zenye walimu wapya, wale wanaoitwa NU, ambao bado hawajaingia kwenye orodha ya malipo. Mishahara usiiandike kwenye bajeti ya shule, maana ni ya mwalimu. Ukiichanganya, jumla itaonekana nono na chaki zitakosekana. Kabla ya kufungua darasa jipya, uliza nani atamlipa mwalimu wake. Hapo ndipo shule nyingi zinaumia: watoto waliongezeka sana, darasa likaongezwa, mwalimu akabaki bila mshahara, na wazazi wakaanza kuombwa pesa kwa siri.

Kwenye pesa ya uendeshaji, andika kiasi kilichoingia mwaka uliopita kwa kweli, si kile kilichoahidiwa. Halafu hesabu vitu, kisha bei. Chaki: vipande 4 kwa siku, siku 22, ni 88, pakiti ya vipande 100 inatosha darasa moja mwezi mzima. Madarasa 12 kwa miezi 10 ni pakiti 120. Fanya hivyo kwa madaftari ya maandalizi, sabuni, kufuli.

Angalia kalenda. Mwaka wa serikali unaanza Januari, wa shule Septemba, kwa hiyo bajeti yako moja inakula kutoka bajeti mbili za serikali. Mvua inaanza kati ya Oktoba na Novemba: mabati na misumari vinunuliwe kwanza, hata kama madawati yanalia. Pesa inakuja kwa faranga, na duka nyingi zinapanga bei kwa dola. Faranga ikishuka, orodha yako inapungua yenyewe. Acha akiba kidogo, na nunua mapema vile visivyoharibika.

Kamati ya usimamizi, pamoja na wawakilishi wa wazazi, isome hesabu na kutia sahihi. Bandika ukutani kilichoingia na kilichotoka, mzazi aone mwenyewe. Kila matumizi yawe na risiti yenye tarehe na jina la muuzaji. Malipo yakichelewa, andika deni kwenye daftari siku hiyo hiyo, na usimkope mwalimu wala usimtoze mtoto.