Muhtasari wa sera kwa waziri: mwanzo kwa msomi wa mambo ya nje aliyeko Arusha
Mshauri hupimwa kwa kurasa 2, si kwa tasnifu. Aya ya kwanza ibebe pendekezo lenyewe: waziri akubali nini, na lini. Historia iishie mistari 3. Wasomi wengi huzama hapo. Hoja ikihusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, soma kifungu chenyewe cha Mkataba uliosainiwa Arusha mwaka 1999, usitegemee magazeti. Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, kwa hiyo taja nchi ipi kati ya 8 inaweza kugoma na kwa nini. Toa njia mbadala 2 za kweli, kila moja na gharama yake na wizara itakayolipa. Ya tatu ya kujazia nafasi, waziri huing'amua upesi.